Kina, toleo la sifuri nukta tatu

Jina nililitoa mimi: Kina.
Bwana Oldroyd aliuliza maana, nikamwambia
ni urefu wa kwenda chini.
Sikumwambia kwamba ni pia sauti mbili
zinazokutana mwishoni mwa mistari,
kwamba kwetu neno hilohilo hupima mto na hupima shairi.

Msimbo wake ni wa Fotrani, mwaka themanini na nne,
herufi kubwa tupu,
kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya Don
maji yakiwa yamefura.
Unakadiria mafuriko, saa kwa saa,
toka Oughtibridge hadi katikati ya Sheffield.

Kazi yangu ilikuwa kuufunga.
Kuandika si kufunga.
Mwandishi anajua droo ipi ina kisu.
Mfungaji lazima amfikirie mpokeaji jikoni kwake,
hana kisu, hana droo,
hana hata jirani wa kumgongea.

Nikataja vitegemezi kimoja kimoja,
hiki kisipungue toleo hili, kile kisizidi lile,
nikatia leseni, nikatia majaribio,
kompaila ikakoroma usiku kucha
na tramu ya mwisho ikashuka kuelekea Shalesmoor
bila abiria.
Asubuhi, kijani mstari mzima.
Nikaupeleka.

Tamsin wa Carlisle: imesakinika, ila haihesabu.
Idris wa Swansea: vivyo hivyo.
Kwangu inafanya kazi, niliwajibu,
sentensi ya aibu kuliko zote za fani yetu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na mimi niliwatwika watu jiwe
nikiwaambia ni pamba.

Nikaunda mashine tupu,
isiyo na jana, isiyonijua jina,
nikabisha hodi kama mgeni.
Ikafia mstari wa mia sita na kumi na mbili:
faili halikuonekana, M.DAT.

Lilikuwa kwangu tangu siku ya kwanza.
Nililinakili toka kompyuta ya Bwana Oldroyd
nikalisahau, kama mtu anavyosahau
kwamba sakafu nayo ni kitu.

Nikapanda kilima cha Walkley kumwuliza.
Akatoa madaftari kumi na moja,
kurasa zimevimba kwa unyevu,
namba za penseli, mwandiko si wake.
M ni Maureen, alisema.
Kila alfajiri, kabla ya zamu yake kiwandani,
kule walikonoa visu,
mkewe alishuka hadi kwenye ufito wa kupimia
akasoma.
Majira kumi na moja ya baridi.
Na wewe? nikamwuliza.
Mimi nilihesabu.
Akainua kikombe, akakirudisha bila kunywa.
Mimi maji nayaogopa.

Kilobaiti tisa. Basi.
Kifurushi kizima kilikwama kwa kilobaiti tisa
za mwanamke aliyesimama gizani na tochi.

Nikaziingiza kwenye orodha ya mafaili.
Kwenye orodha ya waandishi akaniambia,
weka lake kwanza.
Kisha akauliza kama marehemu
anaweza kutia sahihi leseni.
Nikasema sijui.
Mpaka leo sijui.

Katika faili la maelezo,
chini ya amri ya kusakinisha,
nikaacha ubeti mmoja ambao Tamsin hatausoma:

Mpokezi we fungua, mzigo ulio wako,
Namba ukizichukua, ukumbuke zitokako,
Kwenye baridi na mvua, alisimama mwenzako,
Kimepimwa kwa miguu, kina hiki mkononi.

Toleo la sifuri nukta tatu nukta moja.
Carlisle imekubali.
Swansea bado; kompaila ya Idris ni kuukuu,
inataka kubembelezwa kwa namna yake.
Nje mvua imeanza, si kubwa.
Nawasha mashine tupu nyingine,
naiamkia, haijibu,
nayo ndiyo dalili njema.