Gurudumu la Nje

Usikanyage tena, Remi. Unalichimbia kaburi.
Toa mguu. Zima. Shuka
na hivyo viatu vyako vya Posta;
tope la Kibosho halisomi lebo.

Ni tarehe ishirini na tatu, mvua imechelewa kuondoka,
magari ya Dar yamepanda mlima yakimetameta,
na hapa, kwenye kona ya mfereji wa akina Mlay,
yananisubiri mimi na kamba.
Juzi nilimvuta wakili. Jana bwana harusi,
keki imeegemea kioo kama mgonjwa.

Dalali alikwambia, "Fowili hii, kaka, hata Kibo unapanda."
Hakudanganya lote.
Lako linavuta kwa miguu minne saa zote,
hulibonyezi, hulibembelezi;
lina akili ndogo humo ndani inayoonja barabara:
huyu akiteleza, inamnyang'anya, inampa mwenzake,
robo hapa, nusu kule, kabla hujashtuka.
Pale Wami, usiku, lami imelowa,
wewe na wanao mlipita salama mkidhani ni dereva.
Haikuwa dereva.
Ila tumbo lake liko chini, Remi,
na gia ya mzigo halina.

Langu, hili kongwe la misheni lililoliwa na kutu mlangoni,
siku kavu linasukuma kwa miguu ya nyuma tu,
ya mbele inafuata kama mbuzi wa kamba.
Nikitaka minne, nashuka,
nafunga hab kwa mkono, kushoto, kulia,
napanda, navuta kile kirungu kifupi.
Hapo ekseli mbili zinatiwa nira moja:
ikizunguka hii, na ile itazunguka, itake isitake.
Mbio halina. Mtoto wa chekechea analipita.
Lakini likishaanza, limeanza.

"Sasa si uliache limefungwa hivyohivyo mwaka mzima?"
Kaka. Jaribu kukata kona pale kipilefti cha YMCA, lami kavu, limefungwa.
Litagoma, litaruka kama punda, vyuma vitalia;
maana kwenye kona kila gurudumu lina safari yake,
la mbele haliendi mwendo wa la nyuma,
la nje hutembea zaidi kuliko la ndani,
na ukiyalazimisha yawe sawa
kitu kitakatika.

Nilisema hivyo nikiwa chini ya gari lako, natafuta pa kufunga kamba,
tope likiniingia sikioni,
na maneno yakanirudia mwenyewe.

Usiku ule wa Mei, mama alipobanwa kifua,
simu yako ilikuwa imezimwa.
Nilifunga hab huku tochi nimeing'ata,
tukateremka hadi hospitali kwa gia ya mzigo,
yeye ananiambia polepole, utawaamsha watu.
Nimekuhesabia miezi saba.
Lakini tarehe tano, kila tarehe tano,
meseji inalia kwenye simu yake:
dawa, sukari, ada ya mtoto wa shangazi,
robo hapa, nusu kule, na hakuna aliyekuomba.
Na mimi niliye hatua hamsini kutoka mlangoni kwake,
siku kavu,
sukari yake nasahau.

Haya, shika usukani. Usikanyage mpaka kamba ikaze.
Na hilo jani la sale umelichuma wapi?
Halitandikwi chini ya tairi, umesahau hata hilo?
Sale hupewa mtu.

Ukabaki nalo mkononi, umelowa, hujui pa kuliweka.
Nikalipokea. Nikaliweka kwenye dashibodi.
Nikafunga hab ya kushoto.
Nikazunguka, nikafunga ya kulia.