Jua la Kopo

Hapa Dundee, Januari, jua huingia kazini saa tatu kasorobo;
saa kumi haijagonga, limeshatoka.
Muuguzi Eilidh kanipa lingine, la kopo:
"Mifupa itashukuru, Bi Mwanatumu.
Kuhusu sukari, siahidi."
Nikampenda kwa hilo la mwisho.

Tanga nililikimbia, mwavuli mkononi,
nikiambaa vivuli vya kuta.
Leo nalimeza kwa maji ya bomba,
tembe nyeupe, ndogo kuliko choroko,
juu ya uji usiotiwa kitu,
kisha najidunga kidole.

Nane nukta mbili.
Jana kumi na moja.

Ni tembe?
Au ni kile kilima cha Law
ninachokipanda kila adhuhuri,
viatu vimelowa,
nikilitafuta lenyewe?