Kwa Mizani ya Dagaa

Leo nimepima begi langu kwa mizani ya Mwaloni,
ile ile ninayopimia dagaa tangu Holo hajaota meno.
Kilo tisa na robo.
Nikatoa sufuria, nikatoa viatu vya kanisani,
kitenge nikakitoa, nikakirudisha.
Kilo saba.
Lugembe mpakizi akauliza, "Mama Holo, unahamia wapi?"
Sihami. Nazunguka.
"Unazunguka wapi?"
Dunia.
Akacheka mpaka gunia likamponyoka.

Acha acheke. Miaka kumi na mmoja
naandika BUJUMBURA kwa wino wa bluu,
naandika LUBUMBASHI,
kwenye magunia nisiyojua yanapokewa na nani.
Dagaa wa Kirumba, asiye hata na kitambulisho,
kavuka mipaka akiwa amekufa;
mimi niliye hai nimeishia Shinyanga,
tena msibani.

Nina kaunta buku. Mbele madeni ya watu, nyuma dunia.
Mistari nimeipiga kwa rula ya Holo:
Nauli. Kulala. Kula. Viza. Dharura.
Kula hakunitishi, nimelea wanne kwa ugali na mchuzi mwepesi.
Kulala nako, aliyelala juu ya magunia
mvua ya Machi ikitwanga bati
hatalilia godoro la Istanbul.
Ila Viza! Safu hiyo ndiyo iliyonifunza
kwamba walioimba dunia duara hawakuwahi kuizunguka.
Dunia ni milango,
na kwenye kila mlango kuna mtu kakaa juu ya stuli,
hasemi karibu, anasema
tuone salio lako.

Salio langu liko nyuma ya debe la unga.
Kila gunia nikilipima, mia mbili ni ya kibubu.
Mwezi ukiwa gizani, karabai zinawaka ziwani
kama mji mwingine, dagaa wanadanganyika,
Mwaloni pananuka neema na kibubu kinaota kitambi.
Mwezi ukipevuka, hakuna anayedanganyika.
Kibubu kinalala njaa, na mimi nacho.

Mwaka juzi kilijaa. Nilikitikisa, hakikulia.
Laki na nusu ya pasipoti nilikwisha itenga.
Ndipo Sayi, kaka yangu, akaanguka na pikipiki kule Igoma,
wakampandisha kilimani, Bugando,
nami nikakivunja kibubu kwa mchi, usiku, bila kuwasha taa.
Sijutii. Mguu anao, anachechemea nao hadi kwenye pombe.
Niliandika tu, safu ya Dharura: Sayi, mguu.
Chini yake sifuri.
Nikaikodolea macho ile sifuri.
Ni duara, jamani. Duara kamili.
Asubuhi nikanunua kibubu kingine, kikubwa zaidi.

Siku hizi napanga kwa ujanja. Nimegundua
kurasa za mbele zinaweza kulipia za nyuma.
Nahimana, dereva wa lori, namdai elfu themanini:
nitalila deni hilo kwenye kiti cha mbele,
Kabanga hadi Bujumbura, na chai juu yake.
Mwenye duka la Lubumbashi ana gunia langu moja tangu Pasaka.
Atanilaza wiki mbili, apende asipende.
Baada ya hapo sina ninayemdai,
na ramani ya Holo imechanika hapo hapo,
nimeiunga kwa gundi, bahari imekuwa nyembamba kidogo.
Afadhali. Nauli ya meli nimeshindwa kuikisia.

Holo anasema, "Mama, watu husafiri na pesa."
Watu wapi? Mimi nimewaona wakisafiri na kuku.

Basi Lugembe alipokwisha kucheka
alichota dagaa wakavu, wale wa kwanza, wasio na mchanga,
akawafunga kwenye mfuko, akautupia ndani ya begi.
"Usije ukatutia aibu huko kwa kula mikate."
Nikapima tena. Kilo tisa.
Sikutoa kitu.

Tarehe sijaandika.
Usiku huu mwezi ni mpevu,
ziwa zima halina hata taa moja.