Mechi ya Kirafiki

Januari, ofisini kwetu Kenner, Louisiana,
chini ya paa lililozibwa mara tatu tangu kimbunga,
Bwana Arceneaux alitandaza ramani mezani
kama mchuuzi anavyotandaza turubai,
akauliza: "Julai tumwalike nani?"

Sisi ni Kambare, daraja la pili,
viti elfu kumi na mbili, mashabiki mia tisa,
na mia kati yao ni shemeji za wachezaji.
"Mji umejaa Wahondurasi," akasema,
Wahondurasi, kama mtu asemaye mchele,
punje ni punje, gunia ni gunia.
Ndio walioezeka upya nyumba zetu maji yalipoondoka.
Jumamosi wako juu ya mapaa, misumari mdomoni,
uwanja wetu wanauona wote, na utupu wake,
na hawashuki.

Tukapiga hesabu. Wareno: ghali.
Wameksiko: Dallas wamekwisha wakodi.
Mtu akataja Wavietnamu wa mashariki ya mji,
tukatazamana; hakuna aliyejua wanampenda nani.
Nikaweka kidole La Ceiba.
Watakuja kwa nusu bei, basi, hoteli, kuku wa kukaanga.
Mabango yakachapwa: NYUMBANI KUMEWAFIKIA.

Nolvia Zelaya, anayesafisha ofisi usiku,
alilisoma bango ufagio ukiwa mkononi,
akacheka hata akaketi juu ya ndoo.
"Nani kawachagulia hawa?"
Nikasema ni mimi.
Nilikuwa nimelipenda jina tu.
"Sisi ni wa El Progreso. Mtaa wangu wote,
kanisa langu, mafundi wote wa mume wangu.
Hawa walitushusha daraja mwaka niliomzaa Kelvin,
penalti, dakika ya tisini na nne,
na refa alikula kwao mchana ule."
Nikamwomba radhi. Nikaiona kazi yangu
ikielea kama kiatu kwenye mafuriko.
"Radhi ya nini?" akasema. "Tutakuja wote."

Wakaja.
Wakaja na jezi za kijani zisizohusika na mechi,
na masanduku ya barafu, na mikate ya maharage
ambayo mlinzi aliizuia, kisha akainunua.
Radi ikatuweka saa nzima chini ya majukwaa
na hakuna aliyerudi nyumbani.
Wakauliza jina letu. Wakaligeuza kwa lugha yao:
Bagre! Bagre!
Neno ambalo, Nolvia alinieleza baadaye,
huitiwa pia mtu aliyenyimwa sura.

Elfu kumi na moja wakituita wabaya kwa mapenzi.
Broussard, beki wetu, alikata mpira wa kawaida,
uwanja ukalipuka,
naye akasimama akageuka nyuma
kama aliyesikia jina lake mji wa ugenini.
Tulishinda moja bila, kwa kisigino cha mtu wao.
Bwana Arceneaux alilia waziwazi.
"Wanatupenda," akasema, "unawasikia?"
Sikumwambia kwamba lile halikuwa pendo.
Kilikuwa kinyongo chenye tiketi.

Jumamosi iliyofuata, Tulsa.
Nilihesabu vipande mwenyewe dirishani:
mia tisa, kama siku zote.
Na thelathini na moja.

Hao walikuwa Nolvia, na Wilmer mumewe
mwenye lami iliyokaukia kwenye kiwiko,
na Kelvin, na binamu, na mchungaji na wanawe.
Wakaja mpaka dirishani kwangu, wamekunja uso,
wako tayari, ila wanakosa kitu kimoja.
"Tuambie," Nolvia akasema,
"hawa wa Tulsa wametukosea nini?"

Nyuma yao foleni ilikuwa fupi.
Nikafikiri haraka.