Kijani cha Watu

Bedřiška alitoboa barafu kwa keekee,
akateka chupa moja ya bwawa,
akaileta kifuani, ndani ya koti, isigande,
kama mtu abebaye kifaranga.

Tone la kwanza chini ya lenzi:
mwogeleaji mwenye mijeledi miwili,
mfereji kiunoni. Umbo la ukoo wake halina shaka.
Ila rangi! Buluu inayoelekea kijani,
kama shaba iliyosahauliwa mvuani.
Ukoo huu huvaa hudhurungi.
Nani kamvisha?

Macho si ushahidi.
Siku tisa niliziokota seli moja moja
kwa mrija mwembamba mithili ya unywele,
nikazinyima chakula, nikachuja,
nikazima taa (mwanga huzila rangi zikiwa uchi),
nikasaga chujio ndani ya asetoni baridi.
Ile buluu yenyewe ilikataa kutoka,
ikang'ang'ania chujio kama mtoto mlangoni.
Zilizokubali nikaziachia mashine,
zikimbizane ndani ya neli:
nyingine mbio, nyingine zikiburura miguu.

Saa nane usiku mchoro ukatoka.
Peridinini, alama ya ukoo: hakuna.
Mstari umelala kama barafu ya nje.
Halafu, mbele kidogo, kilele.
Aloksanthini.
Nikasimama, kiti kikaanguka.
Vazi hilo hushonwa na kriptofiti,
majirani wadogo wa bwawa hilo hilo,
waliomezwa, wakanyonywa, likabakishwa jiko tu,
na jiko likaendelea kupika kwa jua
katika nyumba isiyo yake.

Mwizi hupewa siku arobaini.
Huyu huenda asizifikishe:
kloroplasti bila kiini chake hupauka,
na mwizi akijigawa
kila mtoto hurithi nusu ya wizi
na njaa nzima.

Alfajiri nilipita kwa bibi, huku mpakani mwa Bohemia.
Akanipakulia supu ya viazi na uyoga
katika sahani yenye ukingo wa samawati,
moja ya zile kumi na moja
zilizokutwa kabatini mwaka wa arobaini na sita,
nyumba ilipokuwa bado na joto la watu
waliopewa saa moja na sanduku moja.

Nilikula taratibu. Supu ikashuka.
Ikachomoza H, kisha K,
kwa wino wa dhahabu uliokwanguliwa na vijiko vyetu.
Kwetu hakuna jina lianzalo hivyo.

"Bibi," nikasema, "waliitwaje?"

Akanyanyua upawa,
akaniongeza.