Dima Namba Sita

Utepe wa taa uliposhikwa na homa,
ukipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga,
Mwalimu Ruweida alisema: pandisha.
Famau akazima.
Akainama nyuma ya pazia, akanusa adapta:
plastiki inayokaribia kuungua.

"Dima haipunguzi umeme, mwalimu, huukata vipande.
Balbu ya zamani hula makombo ikashiba.
Hizi ndogo hutaka sahani nzima."

Akachomoa. Akavuta waya mpaka soketi ya ukutani,
ile ya feni, isiyojua kupanda wala kushuka;
kidhibiti akakifunga mbele ya adapta,
upande wa volti kumi na mbili.

Langoni, saa mbili kasorobo.
Mbingu ya kadibodi ikapambazuka polepole,
bila mlio.
Famau bado kaishika adapta,
kama mtu apimaye homa ya mtoto.