Mlango Uliobaki Wazi

Tumetoka sinema, Łódź, theluji ikipukutika juu ya reli za tramu.
Zenon keshatoa hukumu: filamu ya mwaka!
Mimi nilisinzia katikati; sisemi kitu.

Bogumiła, aliyekata na kuunga filamu miaka thelathini
kwa wembe na gundi, anafunga skafu.
"Yule mjane kalia vizuri mno.
Kila chozi lilijua kamera iko wapi.
Mbwa tu hakuigiza:
alinusa kiti kitupu, akaenda zake."

"Wewe hupendi chochote!"

"Nimependa mlango.
Ulibaki wazi kidogo zaidi ya haja,
baada ya wote kuondoka.
Kuna mtu, kwenye chumba cha kukatia,
mkono wake ulisita."

Tramu imefika, milango wazi.
Hatupandi.
Dereva anatutazama, anangoja.